Mbwa kaumia kidogo: maji ya chumvi au Dettol, asali au rangi mbili, Panadol au avumilie? Ulinganisho

Mbwa akichanwa na bati au waya wa seng'enge nyumba nzima inageuka madaktari, mmoja anakuja na Dettol, mwingine spiriti, bibi anasema pakeni majivu, kijana wa getini anasema oili chafu ndo kiboko, halafu lazima atokee mtu wa kusema mpeni Panadol maumivu yaishe. Nimezipanga zote hapa tuzilinganishe, kwa sababu baadhi yake zinamdhuru mbwa kuliko hata hicho kidonda, na ile inayofaa kuliko zote iko jikoni kwako tayari. Msimamo wangu nautoa mapema: kidonda kidogo cha mbwa kinaponywa na mambo mawili, kusafishwa vizuri na kutolambwa. Dawa ya kupaka inakuja nafasi ya tatu, na vidonge vya maumivu vya binadamu havimo kabisa kwenye orodha.

Kwanza, hiki ni kidonda cha nyumbani kweli?

Cha kutibu nyumbani ni mchubuko, au mkato ulioishia kwenye ngozi, kingo zake hazijaachama, damu inakata ukikandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 mpaka 10 (usichungulie kila mara, ukiinua kitambaa unabandua damu iliyoanza kuganda), na mbwa mwenyewe anatembea, anakula, anatingisha mkia. Ukiona mafuta au nyama kwa ndani, au kidonda kiko kwenye kiungo, kifuani, tumboni, karibu na jicho, au damu inaruka kwa mapigo, hapo hamna cha kuchagua, endelea kukandamiza na mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii hii. Kidonda cha kushona kinatakiwa kishonwe ndani ya masaa machache, ukilala nacho mpaka kesho kinakuwa kimeshachafuka na mara nyingi daktari inabidi akiache wazi kipone chenyewe polepole.

Alafu kuna kung'atwa na mbwa mwenzie, na hiki kidonda ni kiongo sana. Nje unaona kitundu tu, ila lile jino liliingia likashika ngozi likaivuta, kwa hiyo ndani ngozi imeachana na nyama na katikati hapo pameingia mate na uchafu, kitundu cha juu kinajifunga haraka unafurahi kimepona, baada ya siku 2 mpaka 4 unakuta uvimbe una joto, umejaa usaha. Na usaha ndo afadhali, kuna kichaa cha mbwa. Kama aliyemng'ata humjui au hajulikani kachanjwa, vaa glovu kabla hujamgusa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, halafu mpeleke kwa daktari akaangaliwe na aongezewe chanjo hata kama kadi yake haijaisha muda. Na kama mate yamegusa mkwaruzo wako, au mbwa kakung'ata kwa sababu ya maumivu, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, siku hiyo hiyo uende hospitali uwaambie ukweli wote. Dalili za kichaa zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia, kwa hiyo jamani hapa tusibahatishe.

Ndo maana hata mbwa mpole mliyemlea toka mdogo mfunge mdomo kabla ya kuanza. Chukua bandeji au kipande cha kanga kirefu, zungusha mara mbili kwenye pua yake, fundo moja juu, pitisha ncha chini ya kidevu uzikutanishe, kisha fungia nyuma ya masikio. Isikae muda mrefu maana mbwa anapoa kwa kuhema, na kama anahema kwa shida, anatapika, au ni wale wenye pua bapa usimfunge.

Cha kuoshea: hapa ndo penye kazi yenyewe

Maji ya chumvi. Nusu lita ya maji yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kisijae kilima, koroga, acha yawe vuguvugu. Yanakaribia ule uchumvi wa mwili wenyewe, ambao ni kama asilimia 0.9, kwa hiyo hayawashi na hayaui nyama changa inayoota, unaweza kuosha mara mbili au tatu kwa siku bila wasiwasi. Udhaifu wake ni mmoja, hayaui vijidudu. Ila sikiliza, kinachotoa vijidudu kwenye kidonda kibichi ni wingi wa maji na ule msukumo, kwa hiyo nunua bomba la sindano la mililita 20, tupa sindano, vuta maji upige kidonda kwa pembeni ukiyaelekeza nje, rudia mpaka maji yanayotoka yawe safi. Utashangaa mchanga na vinyweleo vinavyotoka sehemu uliyoona haina kitu. Kabla ya hapo lowesha manyoya yanayozunguka kidonda uyapunguze kwa mkasi wenye ncha butu, yakiwa na maji yanashikamana kwenye mkasi, yakiwa makavu yanaruka yanaingia ndani.

Betadine, ile ya kahawia. Hii inaua vijidudu, bakteria na fangasi, na inapatikana karibu kila duka la dawa. Tatizo watu wanaimimina ilivyo. Ikiwa nzito inaunguza zile seli zinazojenga ngozi mpya, inatakiwa uichanganye na maji safi mpaka ifanane na chai ya rangi iliyokosa majani, hapo ndo iko sawa. Ikikutana na usaha na damu nyingi nguvu inapungua, kwa hiyo inakuja baada ya maji ya chumvi, haiwezi kuwa badala yake.

Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, kwa maoni yangu inaishinda Betadine kidogo, sababu inabaki kwenye ngozi inafanya kazi masaa mengi baada ya kuosha. Ila lazima uzimue. Kama umepata ya asilimia 5 weka mililita 5 kwenye nusu lita ya maji, unapata asilimia 0.05, inatosha kabisa. Ile yenye povu ya kunawia mikono ya wauguzi usiingize ndani ya kidonda, na aina yoyote ile usiisogeze kwenye jicho wala ndani ya sikio. Savlon ina klorheksidini lakini imechanganywa na setrimidi ambayo ikilambwa inachoma mdomo, kama umebaki na hiyo tu basi rudi kwenye chumvi.

Sasa Dettol. Najua ndo iko kila nyumba, na ile harufu inampa mtu imani kwamba hapa pamesafishwa. Ukiiweka kwenye maji inageuka nyeupe, ndani kuna klorozailenoli, mafuta ya msonobari na alkoholi, vitu vitatu ambavyo mbwa akivilamba vinamchoma ulimi na koo, na ikiwa haijachanganywa inaunguza hata ngozi. Paka ndo kabisa, mwili wake unashindwa kuitoa, kama una paka anayelala na mbwa ndo sababu nyingine ya kuiacha. Dettol ibaki kwenye sakafu. Spiriti nayo inaua seli na inauma vibaya mno, ukimwekea mara moja kesho akikuona umeshika pamba anakimbilia uvunguni. Haidrojeni peroksidi, ile inayotoa povu, watu wanaipenda kwa sababu unaona inafanya kazi, kumbe lile povu halitofautishi vijidudu na nyama changa ya mbwa, ukiitumia kila siku kidonda kinachelewa kupona.

Kwa hiyo kwangu: maji ya chumvi kwa kila mtu, kila kidonda. Ukipata klorheksidini ongeza mwishoni, ukikosa Betadine nyepesi. Basi.

Cha kupaka: asali, sprei ya bluu, GV au rangi mbili?

Wengi wanaruka kuosha wanakuja moja kwa moja hapa. Kama umeosha vizuri, mchubuko mdogo hauhitaji kupakwa chochote, hilo watu hawapendi kulisikia.

Asali inafanya kazi kweli, ina sukari nyingi inayovuta maji toka kwa vijidudu, ina asidi kidogo, na inafanya kidonda kisikauke mpaka kupasuka. Lakini iwe asali kweli, sio ile ya kuchemshwa na sukari inayouzwa barabarani, na lazima kidonda kifungwe, maana ukimpaka asali mbwa ukamuacha wazi umemwalika alambe, pamoja na sisimizi na nzi wa mtaa mzima. Unapaka safu nyembamba, unaweka shashi safi juu, unafunga, unabadilisha kila siku.

Sprei ya bluu ya agroveti, ile yenye oksitetrasaiklini wanayopuliziwa ng'ombe na mbuzi, faida yake ni haraka, inakauka, huhitaji kumgusa panapouma. Nafasi yake ni mchubuko wa juu, mahali mdomo wake haufiki. Hasara yake ule mlio wa kopo unawatisha mbwa wengi, puliza kwenye pamba kwanza upake. Na soma kopo kabla hujalipa, kuna sprei za mifugo zimewekwa na dawa ya kuua wadudu ndani yake, zile za kundi la sumu za ogano-fosfeti, ng'ombe hawezi kujilamba kama mbwa anavyojilamba, hiyo usichukue. Mwambie muuzaji wazi kabisa kwamba ni ya mbwa.

GV ya zambarau inakausha, ila inapaka rangi kila kitu ikiwemo kidonda chenyewe, kesho unashindwa kujua kama wekundu umeongezeka au umepungua, na mimi kitu kinachonizuia kuona kidonda sikipendi.

Rangi mbili. Hili nimeliona kila mahali, watu wanafungua kapsuli ya antibayotiki wanamwaga unga kwenye kidonda, kwa mbwa na kwa watoto pia. Ule unga unachanganyika na majimaji unakuwa gamba gumu, juu pakavu panapendeza, chini usaha unajaa bila njia ya kutokea. Dozi yenyewe haieleweki, vijidudu vinajifunza kuishi na dawa. Na kuna zile krimu za mchanganyiko za fangasi na muwasho, nyingi zina steroidi ndani yake, inapunguza wekundu unadhani kinapona kumbe inachelewesha ngozi kufunga. Krimu nyeupe zenye zinki au za ganzi akilamba ni sumu. Mshubiri nao, ule utomvu wa njano chini ya ganda unamharisha mbwa, kama lazima utumie basi ule ute wa ndani tu na asiufikie.

Majivu, tumbaku, mafuta ya taa, oili chafu ya gari, maji ya betri. Naviweka pamoja kwa sababu jibu ni moja, hapana. Oili chafu na mafuta ya taa vinaunguza ngozi, vinapita mwilini, na mbwa akijilamba vinaingia tumboni, akitapika vinaweza kuingia mapafuni. Nimewahi kumuona mbwa aliyemwagiwa maji ya betri mgongoni kwa ajili ya ukurutu, ngozi ilitoka kipande kizima ukabaki wekundu mtupu toka mabegani mpaka kiunoni, na waliomwagia walikuwa wanampenda, walitaka apone. Tafadhali ukimuona mtu anafanya hivyo mwambie, usinyamaze.

Kufunga au kuacha wazi, na habari ya kulamba

Mkato mdogo wa mgongoni au pajani uache wazi, hewa inatosha. Wa kwenye wayo, akikanyaga kipande cha chupa kwa mfano, ufunge, maana anakanyagia vumbi na mkojo siku nzima. Ukifunga hakikisha vidole viwili vyako vinapita chini ya bandeji, na zile kucha mbili za katikati ziache zionekane, zikianza kuachana au vidole kuvimba au kuwa vya baridi umekaza mno, fungua hapo hapo. Soksi ya mtoto juu yake inafaa. Mfuko wa plastiki ni wa kutoka nje tu kwenye matope, akirudi unatoa, ukimwachia usiku kucha unakuta ngozi imelowa nyeupe inabanduka.

Kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa. Kweli yana vitu vinavyozuia bakteria kiasi, lakini mdomo huo huo ndo umejaa bakteria, na ulimi wa mbwa unakwaruza, usiku mmoja wa kulamba unafungua kidonda cha siku 5. Kwa hiyo chagua kizuizi. Koni ya plastiki ya kwa daktari ndo ya uhakika, ipite ncha ya pua yake kidogo. Ukikosa, chukua ndoo ndogo ya plastiki, toboa kitako shingo ipite, zungushia ukingo kitambaa au selotepu usimkate, toboa matundu manne ufunge kwenye mkanda wake. Siku ya kwanza atagonga milango atanuna, siku ya pili anazoea, muhimu aweze kunywa maji kwa hiyo weka bakuli juu ya tofali. Fulana ya zamani ya mtoto inafaa kidonda cha kifua au mgongo na mbwa wanaikubali zaidi, ila kwa mguu haisaidii kitu.

Nzi msisahau, hasa kwa mbwa wa nje. Harufu ya damu inawaleta, wanataga, na ndani ya siku moja au mbili una mabuu. Mlaze ndani au chini ya chandarua cha zamani mpaka kidonda kifunge. Maji ya mwarobaini kupakwa kwenye manyoya kuzunguka kidonda sina ugomvi nayo, ila yasiingie kidondani. Ukiona mabuu tayari, usimwage petroli wala dizeli, nenda kwa daktari, huwa wamezama kuliko unavyowaona.

Maumivu: Panadol, Brufen, diklofenaki, au kipi?

Hapa naomba utulie usome polepole. Mwili wa mbwa hauvunji dawa hizi kama wetu, na kosa sio "kumzidishia kidogo", ni hesabu kabisa. Kidonge kimoja cha Panadol ni mg 500. Mbwa wa kilo 5 akikimeza anakuwa amepata mg 100 kwa kila kilo yake, na hicho tayari ni kiwango cha kumtia sumu, ini linaharibika, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia au bluu. Zile zenye kafeini ndani ni mbaya maradufu. Madaktari wa mifugo wapo wanaoitumia kwa mbwa kwa kipimo chao na usimamizi wao, hiyo haikupi wewe ruhusa. Na paka hata nusu kidonge kinaua.

Brufen ya mg 400 kwa mbwa wa kilo 10 ni mg 40 kwa kilo, inatosha kutoboa tumbo vidonda, akiongezewa kesho yake na figo zinaingia. Diklofenaki, ambayo huku kwetu inanunuliwa kama pipi, iwe kidonge au sindano, kwa mbwa ni tumbo kutoka damu na figo kufa. Aspirini nayo tumbo, tena inazuia damu kuganda wakati mbwa ana kidonda.

Ya mbwa ipo, meloksikamu ya mbwa, mara nyingi ni ya maji na bomba lake lina alama za kilo. Kipimo chake cha kawaida ni mg 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya chakula. Naandika hivi usije ukachukua ya binadamu, kile kidonge chake kidogo kabisa ni mg 7.5, na mbwa wako wa kilo 5 baada ya siku ya kwanza alihitaji mg 0.5 tu, hiyo ni mara 15. Hata ile ya mbwa daktari ndo aseme, kwa sababu haifai mbwa mwenye figo au ini bovu, anayetapika, aliyeishiwa maji, mjamzito, wala aliyechomwa deksamethasoni au anayemeza prednisoloni, ambazo ni steroidi. Meloksikamu na steroidi pamoja zinatoboa tumbo.

Na isipokuwepo dawa yoyote? Kwa kidonda kidogo kweli, barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 mpaka 15, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo, inapunguza uvimbe na maumivu kuliko watu wanavyodhani, usiweke barafu tupu kwenye ngozi. Ongeza kupumzika: funga geti, matembezi ni ya kamba tu, mtandikie mahali laini. Na kama baada ya hapo bado anachechemea, analia ukimgusa, anatetemeka, hataki kula, basi tatizo sio kwamba umekosa kidonge, ni kwamba kidonda sio kidogo kama ulivyoona.

Mkague asubuhi na jioni. Nyama ya waridi yenye unyevu kidogo ni nzuri. Harufu, majimaji ya njano au kijani, wekundu unaopanda, uvimbe wenye joto, au joto la mwili likizidi 39.5 (kawaida yake ni 38 na kitu mpaka 39.2, ni juu kuliko letu kwa hiyo usiogope kumshika ana moto), hapo nyumbani pameisha.

Ukimpigia daktari mwambie kilo zake au makadirio, umri, kaumia lini na kitu gani, chanjo ya mwisho, na kila kitu mlichompaka au kumpa, hata kile mnachoona aibu kukisema. Na kama mtu kishampa Panadol au Brufen, usisubiri dalili, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike maana chumvi nyingi nayo inaua, maziwa pia hayaondoi sumu, chukua pakiti ya dawa, angalia vidonge vingapi vimetoka, ingia naye kwenye bajaji uende.